Jozi Mbili za Nyongeza

Sehemu ya Tisa

"Nani amekata zawadi yangu?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Mang Dulo kasimama mlangoni pa bohari na mfuko wa pandesal, mikate midogo ya moto, macho yako kwenye buti lililopasuliwa vipande viwili juu ya benchi langu. Kisu ninacho mkononi. Meja Quiambao yuko kando yangu na jalada lake. Ni saa mbili na robo asubuhi, na baraza la uchunguzi linakaa saa nne.

Kuna msomaji kaniandikia kwamba mimi, Sajenti Crisanto Balingit, ni mnafiki na sistahili kusimulia hadithi hii. Ndugu yangu, hujakosea. Ila aibu hii ni yangu, na asipoisimulia mwenyewe ataisimulia nani? Kaa usikilize.

Na wewe uliyeokota gazeti leo, nikuweke sawa haraka. Mang Dulo ni Mzee Teodulo Sumilang, fundi viatu wa Marikina, miaka sabini na mmoja, vidole vimejaa sugu. Karakana yake yenye watu arobaini ndiyo inayolivisha jeshi letu mabuti, huu mwaka wa nne. Zamani tulikuwa tunatangaza zabuni kila mwaka. Anashinda mwenye bei ya chini, aliyeshindwa anakata rufaa, tunatangaza upya, na mwaka unaisha askari wako porini na kandambili. Mabuti yakija kufika, yametengenezwa kwa miguu mirefu myembamba ya watu wa mbali, na sisi miguu yetu ni mifupi na mipana.

Meja Felicitas Quiambao ndiye aliyelifungua fundo hilo. Fundi mmoja, mkataba wa miaka mitano, kalibu za miguu yetu wenyewe. Ukimpigia simu Mang Dulo leo, baada ya wiki tatu lori liko getini. Makaratasi yaliyokuwa yanajaza kabati zima yakabaki jalada moja. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka kesho nikimsikia mtu anautukana nagombana naye.

Sasa, sisi tuna neno suki. Muuzaji ni suki wa mnunuzi, na mnunuzi ni suki wa muuzaji, neno moja kwa wote wawili. Suki wako wa samaki hakupunji, na wewe humpiti ukaenda meza ya pili. Tena suki lazima akuongeze. Umenunua nyanya kumi, anakutupia ya kumi na moja. Mang Dulo naye katika kila jozi mia alituongeza mbili, ndani ya boksi la peke yake lililofungwa kamba nyekundu.

Sheria ya ukaguzi ilisema hivi: katika kila mia, chukua jozi mbili popote mkono utakapoangukia, zipasue, tazama gundi na uzi. Lakini ukipasua mbili zinabaki tisini na nane, na kikosi kinalalamika kimepunjwa. Basi mimi, mjanja wa bohari, nikasema, kwani tuna shida gani? Tupasue zile za nyongeza. Mia inabaki mia na kila mtu anafurahi. Meja akawa anasaini karatasi zangu bila kuchungulia. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, na mazoea yana taabu.

Kumbe jozi za nyongeza Mang Dulo alikuwa anazishona mwenyewe, kwa mkono wake, jioni baada ya wafanyakazi kuondoka. Miaka minne mimi nimekagua mikono ya mzee mmoja tu. Karakana ikapanuka, gundi ikabadilishwa, mshono ukaachiwa mashine, na hakuna aliyeona, maana karatasi zangu zote ziliandikwa "safi". Mwezi wa sita soli zikaanza kubanduka porini. Praiveti Jovencio Dimaculangan, kijana wa miaka ishirini na miwili, soli ilimtoka mlimani katika mvua. Akaifunga kwa kamba akatembea siku mbili. Akakanyaga kisiki cha mwanzi, mguu ukaoza, hospitali wakaukata chini ya goti.

Haya, umeshajua. Turudi mlangoni.

Mzee aliuliza nani amekata zawadi yake, na mimi nilikuwa na kisu mkononi. Jibu lilikuwa neno moja. Unafikiri nililisema? Nilisema, "Ni utaratibu tu, Mang Dulo."

Akaingia polepole, akaweka pandesal juu ya benchi kama anavyofanya siku zote, akachukua nusu ya buti akaipitisha kidole kwenye mshono. Hakuwa na hasira. Bora angekuwa na hasira. Alikuwa anatazama kwa unyonge, kama mtu aliyealika wageni akawakuta wanamwaga chakula chake nyuma ya nyumba.

"Nilidhani mnawapa askari," alisema. "Wale wenye shida zaidi."

Meja alifungua mdomo ajibu, nikamuwahi. Nilishindwa kuutazama ule uso. Nikamwambia mzee kwamba hii tuliyopasua ni moja tu, bahati mbaya, na zile nyingine zote zilikwenda kwa askari, wamezivaa, wanamwombea dua kila asubuhi. Nikaongeza na kicheko kidogo. Uongo mtupu, msomaji, toka neno la kwanza mpaka la mwisho.

"Hata za mwezi wa sita?"

"Hata za mwezi wa sita."

Nilitegemea afurahi. Badala yake uso ukamshuka, akatafuta boksi akalikalia, akayashika magoti yake kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi zilifika." Akarudia tena, "Zilifika." Nikajiambia uzee huo. Sikujua kwamba nimemchoma mtu kisu kikubwa kuliko nilichokuwa nacho mkononi.

Aliuliza kitu kimoja tu kabla ya kutoka. Je, yule askari aliyekatwa mguu ataletwa leo kweli? Meja akamjibu kwamba ndiyo, analetwa kutoka hospitali, ni shahidi wa mwisho. Mzee akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri saa nne. Pandesal hakuzigusa mtu.

Mzee alipoondoka, Meja alinigeukia. Yule mwanamke hapigi kelele. Angepiga kelele ningepumua.

"Santo, umemdanganya mzee."

Nikasema nilitaka kumtuliza, Afande.

"Ulitaka kujituliza wewe."

Akanieleza alivyoamua. Kanali Abesamis, mwenyekiti wa baraza, alikuwa ameshapata hadithi yake, na ilikuwa hadithi rahisi: fundi alitengeneza jozi maalumu za ukaguzi, akazifunga kamba nyekundu ili tujue zipi za kupasua, na nyingine akazishona ovyo. Kwa hadithi hiyo karakana inafungwa, watu arobaini wanarudi nyumbani, mzee anapelekwa mahakamani, na jeshi linarudi kwenye zabuni za kila mwaka. Meja akasema yeye atasimama aseme alisaini bila kuangalia. Mimi nitasimama niseme nilipasua nini na kwa nini. Kila mtu abebe mzigo wake na mzee aende nyumbani.

Nikasema ndiyo, Afande. Nikasema kwa moyo kabisa. Nimebakiza miezi mitatu nistaafu, lakini nilisema ndiyo.

Ngoja kwanza. Kabla hatujaingia barazani, kuna jambo nimekuficha kwa sehemu zote nane zilizopita. Nilidhani nitamaliza hadithi bila kulisema. Haiwezekani.

Mzigo wa mwezi wa sita ulipofika, nilifungua boksi moja la kamba nyekundu nikakuta jozi namba yangu. Ngozi laini, kisigino kimeshonwa mistari miwili. Miguu yangu inauma tangu nilipokuwa kijana wa doria, na mabuti ya kawaida yananibana kidole gumba. Nikazijaribu, jamani, zikanikaa. Nikapasua jozi moja, nikaandika mbili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizivaa. Nilikuwa nimezivaa mbele ya Mang Dulo asubuhi ile, nimeificha miguu nyuma ya benchi kama mwanafunzi aliyechelewa na viatu vichafu.

Ndiyo. Askari wanatembea na soli zimefungwa kamba, na mkaguzi wao kavaa kiatu kilichoshonwa kwa mkono. Nitukane, nimestahili. Mke wangu alipojua alinyamaza siku nne.

Baraza lilikaa katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya chini, feni moja, meza ndefu, dirisha limefunguliwa kwa ajili ya joto na mvua inapiga nje. Kanali Abesamis alikaa katikati. Ni mtu mkavu, mwenye haki yake, asiyependa maneno mengi. Mang Dulo alikaa kiti cha peke yake mbele ya meza, shati lake jeupe la barong limepigwa pasi, amevaa kama anaenda harusini. Mimi na Meja tulikaa pembeni. Miguu nikaiingiza chini ya kiti.

Meja alianza. Alieleza ya kwake yote bila kujitetea. Alisema mkataba wa muda mrefu ulirahisisha kazi, na katika kurahisisha yeye alirahisisha hata kile kisichotakiwa kurahisishwa. Alimwamini sajenti wake, sajenti akamwamini fundi, fundi naye akaziamini karatasi za "safi" zilizorudi kwake kila mara. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeangalia.

Kanali akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama ni kweli alihudhuria sikukuu ya mtaa nyumbani kwa fundi huyu, miaka mitatu mfululizo. Meja akakubali. Akamuuliza kama alikula. Akakubali alikula.

"Basi ushahidi wako ni wa suki, Meja. Nakupa heshima yako, lakini siwezi kuuandika."

Meja aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu.

Nikaitwa mimi. Nikasema kweli nilipasua jozi za nyongeza, zote, tangu mwaka wa kwanza. Niliposema "zote" nikamwona Meja amenitazama haraka kisha akamtazama mzee. Lakini Mang Dulo alikuwa anatazama mlango wa ukumbini, sidhani hata alinisikia. Kanali akaniuliza, je, fundi alijua kwamba hizo ndizo zinazopasuliwa? Nikasema hakujua.

"Umejuaje?"

Nikasema leo asubuhi aliuliza nani amekata zawadi yake.

"Aliuliza mbele ya nani?"

"Mbele yangu na Meja."

Wajumbe wawili wakatazamana, mmoja akacheka puani. Kanali akavua miwani akaifuta. Akasema amechoka na maneno ya watu wanaopeana mikate asubuhi. Anataka kitu cha kushika mkononi. Kama zile jozi zilikuwa zawadi na si mtego wa ukaguzi, basi zawadi huwa na alama yake. Iko wapi?

Na hapo, msomaji, damu ikanikauka, kwa sababu alama ilikuwepo.

Kila kiatu cha nyongeza kilikuwa na kitambaa kidogo chini ya ulimi wake, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kina maneno. Nilivijua vile vitambaa. "Rudi salama." Wakati mwingine jina la mtakatifu. Nani anamshonea dua mtu wa kupasua kiatu? Kitambaa kimoja tu kingetosha kumtoa mzee kwenye kile kiti. Lakini kabla ya kupasua buti huwa tunang'oa ulimi ili kisu kipite, na ndimi zote tulizitupa kwenye pipa, na pipa tunalichoma kila mwisho wa mwezi. Vitambaa vyote vilikuwa majivu.

Vyote isipokuwa viwili. Navyo vilikuwa chini ya kiti changu, miguuni kwangu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa chini zaidi ya nguo.

Nilikaa. Nilijiambia labda Kanali atalegea mwenyewe. Nilijiambia nikivua viatu hivi mbele ya watu si mkosaji tena, ni mwizi, na mwizi hastaafu kwa heshima, anafukuzwa. Nikamfikiria mke wangu akisikia sokoni. Mambo mengi hupita kichwani mwa mtu mwoga, na yote yana sababu nzuri.

Kanali akamgeukia Mang Dulo. Akamuuliza moja kwa moja, na naomba usome pole pole hapa, kwa sababu mimi mpaka leo nalisikia lile jibu nikiwa naoga.

"Mzee Sumilang, ulijua kwamba jozi za kamba nyekundu ndizo zinazopasuliwa?"

"Nilijua."

Meja alisimama. Kanali akamwonyesha mkono akae. Akamuuliza mzee tena, kwa upole, kama ameelewa swali. Mzee akasema ameelewa. Alijua, na kosa ni lake peke yake, na wale wawili pale pembeni ni watu wema waliomwamini, wasisumbuliwe.

Uongo. Mimi niliyemsikia asubuhi najua ni uongo. Na sikuelewa hata kidogo. Suki haumbui suki wake, sawa, hilo kwetu kila mtu analijua, lakini mtu hajitii kitanzi kwa ajili ya desturi. Uso wake haukuwa wa mtu anayewaokoa marafiki. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kuadhibiwa, tena anaogopa watamwachia.

Kanali akamwambia karani aandike. Karakana ya Sumilang isiuzie jeshi tena, milele. Mkataba uvunjwe leo. Jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Karani akaandika, na sauti ya kalamu niliisikia juu ya mvua.

Mang Dulo alikuwa ameinamisha kichwa. Akiwa ameinama vile, macho yake yakapita sakafuni, yakaja mpaka chini ya kiti changu, yakasimama.

Fundi anamjua mtoto wake hata akiwa gizani. Aliviona vile visigino vya mistari miwili. Nikataka kurudisha miguu nyuma, hakukuwa na nyuma pa kuirudisha. Akainua macho akanitazama, na unajua alifanya nini yule mzee? Alitabasamu kidogo. Akaninong'oneza, "Zimekutosha, Santo."

Natamani angenitemea mate. Mzee anapelekwa mahakamani, na anafurahi kwamba kiatu chake kimemkaa vizuri mwizi.

Nikainama nikaanza kufungua kamba.

Kamba ikakaza fundo. Kanali akauliza sajenti anafanya nini. Nikavuta cha kulia, nikavuta cha kushoto, nikasimama na soksi, na soksi ya kushoto ina tundu kidole kimetoka. Chumba kizima kilikitazama kile kidole. Nikatembea mpaka mezani, nikaweka mabuti juu ya makaratasi ya Kanali.

Nikasema, "Afande, hizi ni za nyongeza. Za mwezi wa sita. Niliandika nimezipasua, kumbe niliziiba. Tazama chini ya ulimi."

Sikutazama upande wa Meja. Nilisikia tu pumzi yake ikitoka.

Kanali alivigeuza viatu vile mkononi. Nilidhani atavitupa. Kisha akavuta ulimi wa kile cha kulia, akainamisha kwenye mwanga wa dirisha. Uzi mwekundu ulikuwepo. Nikashukuru Mungu. Nikajisemea, haya, mzee amepona, mimi nimekwisha, na ni haki.

Kanali akasoma kwa sauti, karani apate kuandika.

"Rudi salama."

Akakisogeza karibu na macho. Kulikuwa na mstari wa pili. Mimi, niliyevaa kiatu kile siku zote hizo, sikuwahi kuusoma. Vitambaa nilivizoea, unajua tena mtu akizoea.

"Rudi salama, Jovencio. Babu yako."

Feni ikazunguka. Kanali akafungua jalada lake, akatafuta ukurasa kwa kidole, ingawa sote tulilijua jina la yule askari wa mguu. Akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mzee Sumilang, Praiveti Jovencio Dimaculangan ni nani kwako?"

Mang Dulo alisema ni mtoto wa binti yake. Hakutaka jina la mjukuu lichanganywe na mkataba, kijana asije akasemwa kwamba anapendelewa. Aliposikia kikosi chake ndicho kitakachopata mzigo wa mwezi wa sita, alimshonea jozi kwa kipimo chake, akashona na jina, akaiweka katika nyongeza. Alijua watakaofungua kamba watasoma jina na kuifikisha. Sisi si suki?

"Alinipigia simu," mzee aliendelea. "Akaniambia, Babu, viatu vyako nimevipata, ahsante."

Kijana alikuwa amepata mabuti ya Sumilang, kama wenzake wote. Angejuaje tofauti?

Ndipo nikaelewa, na kuelewa kule simtakii hata adui yangu. Tangu mwezi wa sita yule mzee aliamini kwamba kiatu kilichomkata mjukuu wake mguu ni kile alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana asubuhi aliuliza za mwezi wa sita. Laiti ningesema ukweli saa ile, ningemtua mzigo. Nikamwambia zilifika. Akaja barazani akajitia hatiani, kwa sababu aliona hakuna adhabu inayomtosha.

Mang Dulo alinyoosha mkono akakichukua kiatu kutoka kwa Kanali. Akakigeuza. Akabonyeza soli kwa dole gumba, akavuta mshono wa kisigino, akaukunja mbele na nyuma. Haukuachia hata uzi mmoja. Nilikuwa nimekivaa kila siku tangu mwezi wa sita, mvua na jua.

"Kumbe hakuvivaa," alisema.

Akakipakata kiatu kifuani na mabega yakaanza kumtikisika. Hakulia kwa sauti. Meja aliondoka kitini kwake bila kuomba ruhusa, akapiga magoti kando ya mzee, na Kanali hakumkataza. Mimi sikuwa na haki ya kusogea. Nilibaki mbele ya meza na soksi zangu, natamani sakafu ipasuke.

Nikasema, "Mang Dulo, nisamehe." Neno lenyewe likatoka kavu, halina maana. Mzee hakunitazama. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Nikasikia na mimi. Kutoka ukumbini, juu ya vigae, mbao ikigonga, kisha hatua moja, mbao ikigonga, kisha hatua moja. Mlinzi akafungua mlango akasema shahidi wa mwisho amefika.

Alikuwa mwembamba kuliko picha ya kwenye jalada. Suruali ya kulia imekunjwa na kubanwa kwa pini. Akapiga saluti kwa mkono mmoja huku amejiegemeza kwenye gongo, kisha akamwona babu yake amekumbatia kiatu, akaona cha pili mezani, akaitazama miguu yangu.

"Babu," alisema, "mbona sajenti amevuliwa viatu?"

Chumba kizima kikanigeukia mimi nijibu.